Uzito wa mwili na vimeng'enya vya ini: namba ya ALT isisomwe bila mzani

Fundi wa Kichupa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni damu za watu. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya dada yangu. Mwaka juzi, akiwa na miaka 41, alipima afya kwa ajili ya ajira mpya, akapewa karatasi yenye vipimo viwili vya ini, ALT ya 64 na AST ya 41. Katika kituo alichopimwa akaambiwa kuwa hiyo ni homa ya ini, kabla hajapimwa kirusi chochote. Alirudi nyumbani akatenga kikombe, sahani na kijiko chake, akamhamisha mwanawe wa miaka sita asilale naye tena kitanda kimoja, na kwa wiki tatu akawa anakunywa dawa ya majani aliyouziwa kwa jina la kusafisha ini. Nilipopata habari nilimwita maabara kwetu. Kipimo cha homa ya ini B kilitoka hasi, cha C hasi, na pombe haijui. Nikampandisha kwenye mzani: kilo 94 kwa urefu wa sentimita 168. Ukigawanya kilo hizo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 33, na unene huanza kuhesabiwa kuwa ugonjwa kwenye 30. Altrasaundi ikaonyesha ini linalong'aa, jambo ambalo kwa macho ya mpiga picha maana yake ni mafuta. Siku hiyohiyo mtoto alirudi kitandani kwa mama yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia kwa makini zaidi karatasi zinazotoka dirishani kwetu, na nimejiridhisha kwamba watu wengi wanaoogopeshwa na ALT iliyopanda kidogo hawajawahi kuulizwa uzito wao wala kupimwa kiuno. Hili linaniuma, kwa sababu kupima kiuno kunahitaji futi ya fundi cherehani tu.

Nieleze kwanza namba zenyewe. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli. ALT imejaa zaidi kwenye ini, ilhali AST ipo pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana sampuli ambayo chembe zake zimepasuka wakati wa kuchomwa sindano hutoa AST ya uongo, na fundi makini huikataa. Seli ya ini ikiumia, utando wake hupitisha vimeng'enya hivyo kwenda kwenye damu, nasi huvipima huko kwa uniti kwa lita. Kwa hiyo namba inatuambia kuwa kuna seli zinazoumia. Haitaji jina la kinachoziumiza, na anayedai kusoma homa ya ini kwenye ALT peke yake anasoma kitu ambacho hakijaandikwa pale.

Sasa uzito unaingiaje? Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka matumbo, hayakai yametulia. Kwa mtu ambaye insulini imeanza kupoteza nguvu mwilini mwake, tishu za mafuta huendelea kumwaga asidi za mafuta kwenye damu hata saa ambazo zingepaswa kunyamaza, na ini hupokea mzigo huo usiku na mchana. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia mafuta yaliyokutwa kwenye maini ya watu wenye ugonjwa wa ini la mafuta ili kujua yalikotoka: asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe hasa kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Mimi huona sehemu ya mambo haya kwa macho. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, maji yanayobaki juu ya chembe hupaswa kuwa ya rangi ya manjano hafifu yanayopitisha mwanga; kwa baadhi ya wagonjwa wetu, hata waliofunga tangu usiku, yanakuja meupe mazito kama tui la kwanza, na ukiinua kichupa dirishani huoni vidole vyako upande wa pili.

Mafuta hayo yakizidi uwezo wa ini kuyachoma au kuyasafirisha, huzaa mabaki yenye sumu yanayochochea uvimbe, seli hujaa na kututumka, na hapo ndipo ALT inapoanza kuvuja. Miaka na miaka ya hali hiyo huweza kuacha makovu, na makovu yakienea ini husinyaa.

Kwamba ni uzito unaosukuma namba, na si bahati mbaya kwamba viwili hivi hukutana, kulionekana wazi nchini Sweden. Watafiti wa Linköping walichukua vijana 18 wenye afya, wakawaongezea chakula karibu maradufu kwa wiki nne, angalau milo miwili kwa siku ikiwa ya migahawa ya vyakula vya haraka, na wakawazuia kutembea sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: kwa wastani uzito uliongezeka kilo 6.4, na wastani wa ALT ukapanda kutoka 22 hadi kilele cha 97. Ndani ya mwezi mmoja tu, kwa watu wasiokuwa na kirusi wala mazoea ya pombe! Na waliokula sukari nyingi zaidi ndio ambao ALT yao ilielekea kupanda zaidi. Ninapoona kijana anashushia chipsi mayai kwa soda kubwa kila jioni, namkumbuka kijana wa Linköping.

Liko jambo moja ambalo ningependa lijadiliwe hapa kuliko mengine yote. Karatasi nyingi huandika kuwa kawaida ya ALT ni hadi 40 au zaidi. Kikomo hiki hupatikana kwa kupima watu wanaoonekana wazima na kuchukua sehemu kubwa ya katikati, kwa kawaida asilimia 95 yao. Lakini ikiwa wengi wa hao wazima wana vitambi, basi mafuta ya ini zao yameshaingia kwenye hesabu ya kawaida. Mwaka 2002 watafiti wa Milano, Italia, waliorejea vipimo vya wachangia damu zaidi ya 6,800 waliliona hilo. Walipowaondoa wenye uzito mkubwa, wenye mafuta mengi au sukari nyingi kwenye damu na wanaotumia dawa fulani, kikomo kilishuka hadi 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Sisemi kila maabara ibadilishe karatasi kesho asubuhi, kwa kuwa mashine na kemikali hutofautiana. Nasema kwamba mwanamke mnene mwenye ALT ya 36 asiondoke akiamini ini lake halina neno kwa sababu tu hakuna nyota ya onyo pembeni ya namba.

Karibuni tujadili.

Mkimbiaji

Ahsante sana mkuu kwa andiko hili. Mimi ni mwanamume wa miaka 29, kilo 63 kwa urefu wa sentimita 174, sinywi pombe, lakini wiki iliyopita nilikutwa na ALT ya 62 na AST ya 118. Kwa maelezo yako, mimi mwembamba nimepata wapi mafuta?

Fundi wa Kichupa

Ndugu yangu, BMI yako ni kama 21, kwa hiyo mafuta hayawi ya kwanza kushukiwa, ingawa wapo watu wembamba wenye ini la mafuta, hasa wale ambao tumbo limetangulia mwili, wenye kisukari, au waliorithi mwelekeo huo. Kilichonishtua katika majibu yako ni AST kuizidi ALT karibu mara mbili. Kwa ini la mafuta lisilo na makovu, kwa kawaida ALT ndiyo huwa juu. AST inapoongoza namna hiyo tunauliza pombe, makovu, au misuli. Jina lako linanifanya niulize: ulifanya mazoezi gani siku chache kabla ya kupimwa?

Mkimbiaji

Nilianza kunyanyua vyuma siku mbili kabla. Mikono iliuma hadi nikashindwa kuvaa shati.

Fundi wa Kichupa

Basi tuanzie hapo. Upo utafiti wa mwaka 2008 ambapo wanaume 15 wenye afya, wasiozoea vyuma, walinyanyua kwa saa moja tu, na AST na ALT zao zikabaki juu kwa siku saba au zaidi, huku GGT, kimeng'enya kingine cha ini, ikibaki mahali pake. Pumzika na vyuma kwa wiki mbili, kisha urudie ukiomba na kipimo cha CK, ambacho ni cha misuli, pamoja na GGT. Usiache kupima homa ya ini B, kwani chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto hapa Tanzania mwaka 2002, nawe ulizaliwa kabla ya hapo. Mwembamba mwenye ALT ya juu isiyoshuka anahitaji kuchunguzwa kwa bidii zaidi kuliko mnene, kwa sababu hana maelezo yaliyo wazi.

Mzee wa Pugu

Nimesoma kwa utulivu, lakini mwanangu naomba kupingana nawe kidogo. Mimi nina miaka 52, kilo 108, urefu sentimita 175, na nina kisukari mwaka wa saba sasa. ALT yangu ni 25 na AST ni 38. Daktari wangu ameridhika nazo. Kama uzito ndio unaopandisha vimeng'enya, mbona vyangu vimetulia? Nadhani miili yetu Waafrika inabeba uzito tofauti na ya Wazungu.

Fundi wa Kichupa

Shikamoo mzee. Hoja yako ina ukweli ndani yake na nitaijibu kwa heshima yake. Katika utafiti mkubwa wa Dallas nchini Marekani, watu weusi walikutwa na mafuta ya ini mara chache kuliko Walatino na Wazungu, hata pale unene na kisukari vilipokuwa vingi kwao, na mwaka 2008 watafiti wakaonyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na aina ya jeni iitwayo PNPLA3, ambayo kwa watu wenye asili ya Afrika aina yake ya hatari ni adimu zaidi. Lakini Dallas hiyohiyo ilitufundisha jambo la pili: kati ya waliokutwa na mafuta kwenye ini kwa kipimo cha picha, asilimia 79 walikuwa na ALT ya kawaida. Kwa hiyo uzito huweza kupandisha kimeng'enya, ila kimeng'enya kilichotulia hakikupi cheti cha uzima.

Kwa ajili hiyo madaktari hutumia hesabu ya kukadiria makovu ya ini iitwayo FIB-4, ambayo haihitaji mashine mpya. Unazidisha umri kwa AST, kisha unagawanya kwa chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Mzee, naomba utazame kipimo chako cha damu nzima, uniambie chembe sahani ni ngapi.

Mzee wa Pugu

Marahaba. Zimeandikwa 190.

Fundi wa Kichupa

Umri 52 mara AST 38 ni 1,976. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, mara 190 ni 950. Ukigawanya unapata 2.08. Chini ya 1.3 tungesema uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67 tungekuwa na wasiwasi mkubwa. Wewe uko katikati, ambako hesabu peke yake haiamui, na miongozo inataka ufanyiwe kipimo cha ugumu wa ini, kile cha kugonga ubavu kwa mawimbi kinachojulikana kama Fibroscan. Nakusihi uende kwa daktari wako na namba hii mkononi. Sikuandika ili nikutishe. Mtu mwenye kisukari na kilo 108 ndiye hasa ambaye ALT nzuri humchelewesha.

Muuguzi wa Zamu

Naomba kuongezea kutoka wodini na kliniki. Tuna wagonjwa wanaotumia dawa za kifua kikuu, na tunajua kuwa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi huweza kuumiza ini. Tuna pia wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao baadhi yao wameongezeka uzito sana tangu waanze dawa zenye dolutegraviri. Mgonjwa wa namna hii akipata ALT ya 55, swali la kwanza kwake huwa ni dawa, naye wakati mwingine hujikatia dozi bila kutuambia, na tunakuja kumpokea akiwa amezidiwa. Ndugu zangu, msiache dawa kwa sababu ya namba mliyoisoma wenyewe. Kwa dawa za kifua kikuu madaktari huzisimamisha ALT inapovuka mara tatu ya kikomo mgonjwa akiwa na dalili kama kutapika au macho ya manjano, au mara tano hata bila dalili. Uamuzi huo ni wao, nao huweza kuona pia kwamba kilichopanda ni kilo kumi na mbili za mwaka mmoja.

Binti Pangani

Mimi swali langu ni kinyume cha mengine. Nilikuwa na kilo 91, nikasoma mtandaoni kuhusu kupunguza uzito, nikaishi kwa maji ya limau, tango na yai moja kwa siku kwa wiki tano. Nilipungua kilo 13. Nilipopima, ALT ilikuwa imepanda kutoka 44 hadi 71. Nimefanya kosa gani, ilhali nimefanya mlichosema?

Fundi wa Kichupa

Dada, pole, na ahsante kwa kuuliza, kwa sababu swali lako limebeba nusu ya somo hili. Mwili unaponyimwa chakula ghafla hufungua ghala lake lote la mafuta kwa pamoja, na mafuta hayo hupita kwenye ini. Ini lililokuwa limeelemewa linaongezewa mzigo huku likiwa halina protini ya kutosha kufanyia kazi. Kupungua haraka huleta pia mawe kwenye kibofu cha nyongo, kwa hiyo ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kulia usisubiri asubuhi.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Hugh Trowell na wenzake katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliochunguza watoto wenye kwashakoo katikati ya karne iliyopita, walikuta maini yaliyojaa mafuta ndani ya watoto waliokonda mikono na mabega. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba ini husafirisha mafuta yake nje likiwa limeyafunga kwenye protini, na pasipo protini mafuta hubaki ndani. Ndiyo sababu sipendi kusikia uzito ukizungumzwa kama kwamba kila kilo inayoondoka ni faida.

Rudi kwenye chakula kamili: maharage, dagaa, mboga za majani, ugali wa kiasi cha ngumi yako, matunda badala ya juisi. Lenga nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa kuwa ALT imepanda, mwone daktari akupime na mengine, kisha urudie baada ya wiki sita hadi nane.

Mama Nne

Je, ni kilo ngapi hasa zinazotosha? Na hizi sindano za kupunguza uzito zinazotajwa sasa, zinasaidia ini au ni biashara?

Fundi wa Kichupa

Mama yangu, jibu bora ninalolijua linatoka Cuba. Wagonjwa 293 waliothibitishwa kwa kuchunguzwa kipande cha ini kuwa na uvimbe wa ini utokanao na mafuta walifuatiliwa kwa wiki 52 wakibadilisha chakula na kufanya mazoezi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, uvimbe uliondoka kwa asilimia 90, na makovu yakarudi nyuma kwa asilimia 45. Hata waliopunguza asilimia 5 walionyesha nafuu. Ugumu ni kwamba waliofika kumi walikuwa wachache, na hilo nalisema kwa sababu naona jinsi dada yangu alivyohangaika: miezi tisa, kutembea kila jioni, chai bila sukari, chapati mara moja kwa wiki. Alitoka 94 akafika 86, yaani asilimia 8 na nusu, na ALT ikatoka 64 ikawa 27. Bado iko juu ya 19 ya Milano, naye anaendelea.

Sindano za semaglutidi zina ushahidi wa kweli. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziidhinisha mwezi Agosti 2025 kwa uvimbe wa ini la mafuta wenye makovu ya kati au makubwa, baada ya kuidhinisha kidonge cha resmetiromu mwezi Machi 2024. Ni dawa za kuandikiwa na kusimamiwa na daktari, na wala hazifanani na vichupa visivyo na lebo vinavyouzwa kwa ujumbe wa simu. Kahawa isiyo na sukari nayo imehusishwa katika tafiti nyingi na vimeng'enya vya chini, na hiyo tunailima wenyewe.

Kama ungependa kujua pa kuanzia usiku huu, zungusha futi kwenye kiuno usawa wa kitovu: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ndiyo mipaka inayotumika.

Mzee wa Pugu

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda. Daktari aliikubali hesabu yako, akanipeleka kwenye Fibroscan. Nimeambiwa ugumu ni kilopaskali 6.9 na kwamba mafuta yapo mengi. Kiuno changu ni sentimita 119.

Fundi wa Kichupa

Nimefurahi sana, mzee. Chini ya 8 maana yake makovu makubwa hayatarajiwi kwa sasa, lakini mafuta yapo huku ALT ikisoma 25. Kwa kilo zako 108, kupunguza asilimia 7, katikati ya zile 5 na 10 za Cuba, ni kama kilo saba na nusu. Kwa kuwa una kisukari, FIB-4 irudiwe baada ya mwaka mmoja au miwili kadiri daktari atakavyoona, na umwombe aandike uzito na kiuno pembeni ya kila kipimo.